Mafuta ya Baba Mkwe

Siku Rebeka Masalu aliposhuka kwenye bodaboda pale Pasiansi akiwa amekumbatia tufe jekundu kama mtoto mchanga, majirani walijua fundi cherehani wao amepatwa na jambo. Mwanamke wa miaka arobaini na moja, mama wa binti aliye chuoni, mzee wa kanisa, ameagiza kitu cha kuchezea kutoka Nairobi. Dereva wa bodaboda alimwuliza kama hilo boga litaiva kwa kuni au kwa mkaa. Rebeka alimjibu kwamba litaiva kwa jasho, akaingia ndani.

Mchezo wa bolingi aliukuta kazini. Ukumbi mmoja wa burudani ulio ufukweni ulimpa kazi ya kushona sare za wafanyakazi, na alipozipeleka aliwakuta watu wakivingirisha matufe juu ya njia ndefu za mbao ili kuangusha pini kumi zilizosimama mwisho wake. Wakamwambia ajaribu. Mkono uliokulia Nansio kwa kuvuta nyavu na kulima mihogo haukuona uzito wowote. Kuanzia hapo, kila Jumamosi mchana akishafunika cherehani, alikuwa huko. Alianza na matufe ya ukumbi, ya plastiki laini, ambayo huenda moja kwa moja kama mtu asiye na shauri. Alipokwisha kuwa miongoni mwa wachezaji wanaotajwa mjini, ndipo akaagiza lile jekundu.

Tufe lile lilikuwa na ngozi ya kukwaruza kidogo, na ndani yake kiini kizito kilichokaa upande. Likizungushwa vizuri kutoka mkononi, huenda limenyooka kwanza, kisha hukata kona ghafla na kuzivamia pini kwa ubavu. Lakini tabia yake yote hutegemea mafuta. Njia za bolingi hupakwa mafuta mepesi, na mafuta hayo ndiyo yanayoamua. Yakiwa mengi, tufe la kukwaruza huteleza juu yake, hutunza nguvu zake, na likifika penye ukavu karibu na pini huuma sakafu na kugeuka kwa hasira. Yakiwa machache, huuma mapema mno, hupinda kabla ya wakati, na hufika kwenye pini limechoka. Tufe lililong'arishwa lina tabia ya kinyume. Hilo hupatana na mafuta machache. Yakizidi, huteleza mpaka mwisho bila kugeuka, na mchezaji hubaki akiutazama mkono wake kama umemsaliti.

Njia za ukumbi ule zilipakwa mafuta machache siku zote, na aliyezipaka alikuwa baba mkwe wake Rebeka.

Mzee Nkwabi Shimba alikuwa amestaafu kazi ya kupaka mafuta mitambo ya meli. Umri wake wa nguvu uliishia tumboni mwa meli, akisikiliza vyuma, akijua kwa sauti tu ni kipi kina kiu. Ukumbi ulipotafuta mtu makini wa kuzihudumia njia, Rebeka ndiye aliyepeleka jina lake, kwa kupitia mumewe. Kwa kupitia mumewe, kwa sababu katika nyumba ile ya Kisukuma mkamwana hazungumzi na baba mkwe ana kwa ana zaidi ya salamu, wala halitamki jina lake mbele za watu. Akiwa na haja, huisema kwa mtu mwingine, mzee akiwa anasikia. Mvua ikivuja jikoni, atamwambia mumewe kwamba jiko lina maji, na kesho yake mzee atapanda juu ya bati na nyundo. Rebeka, Mkerewe wa Nansio, alijifunza kusema kwa pembeni namna hiyo alipoolewa, na tangu hapo hakuna siku mzee alipopuuza neno lake.

Basi ikaja fainali. Mshindi angekwenda Dar es Salaam kuiwakilisha kanda ya ziwa katika mashindano ya taifa. Rebeka aliitaka safari ile kuliko alivyokuwa tayari kukiri hata katika sala zake. Aliyekuwa amebaki mbele yake ni Gladness Achola, mwalimu wa hisabati kutoka Shirati, mwenye tufe la buluu lililong'arishwa. Siku chache kabla, Obedi, msimamizi wa mashindano, aliwakalisha wote wawili na kuwauliza wanataka njia zipakwe vipi. Wakakubaliana zipakwe kama siku zote, mafuta mepesi yaishie katikati. Rebeka alitamka kwa kinywa chake kwamba ameridhika.

Jioni ile, akiosha vyombo, alimlalamikia mumewe, Alexander. Alisema njia zile ni kavu kama ulimi wa mgonjwa, na kwamba zingepata mafuta ya kutosha, Gladness asingemwona hata kisogo. Mzee alikuwa uani akichonga mpini wa jembe. Rebeka hakulifikiria hilo. Alikuwa analalamika tu, kama tunavyolalamika wote tukishatoa neno letu na kutamani kulirudisha.

Jumamosi ya fainali ukumbi ulijaa. Walimu wenzake Gladness walikaa upande mmoja, mafundi cherehani wa Nyamagana na waumini wa kanisa upande wa pili, na utani ukaanza kabla ya mchezo. Fundi mmoja aliwaomba walimu wamsaidie mwenzao kuhesabu pini, maana zitakazobaki zimesimama zitakuwa nyingi. Mwalimu mmoja akajibu kwamba wao watahesabu, mafundi washone midomo.

Wachezaji walipewa mtupo mmoja wa kujaribu. Rebeka alivuta hatua zake, akaliachia tufe. Liliteleza likiwa limenyooka, likapita pale linapopinda siku zote, likaendelea, likaendelea, na mwishoni kabisa likageuka kama mbwa aliyeitwa. Pini zote kumi zilianguka kwa kishindo kimoja. Upande wa mafundi ulisimama. Alexander alipiga mluzi.

Moyo wa Rebeka uliruka kwa furaha, na furaha ile ilidumu mpaka tufe liliporudi. Alilichukua, likataka kumponyoka. Pete nzito za mafuta zilikuwa zimelizunguka ngozi nzima. Alilifuta kwa taulo, na taulo likalowa. Tangu aanze kucheza ukumbini mle, taulo lake halijawahi kulowa hivyo. Aliinua macho kwenye mlango wa chumba cha mashine ya kupakia mafuta. Mzee Nkwabi alikuwa amesimama pale na kofia yake, anatazama dari.

Hapo ndipo alipopaswa kusema. Mtu akijua, amejua. Hakuna kujua nusu. Lakini alijiambia pengine mashine imeharibika, pengine ni unyevu wa ziwa, pengine ni macho yake. Alijipa sababu tatu pale ambapo sababu moja ya kweli ingetosha, na mchezo wa kwanza ukaanza.

Ulikuwa mchezo wa kutisha. Kila alipotupa, pini zilianguka. Kila Gladness alipotupa, tufe la buluu liliteleza mpaka mwisho bila kugeuka na kukwangua pini za pembeni. Mwalimu alibadilisha pa kusimama, akabadilisha mwendo, akalegeza kiwiko. Haikusaidia. Bega lake la kulia liliwahi kuteguka, naye akaanza kulishika na kulikanda, akiamini ndilo linalomwangusha. Kutoka upande wa mafundi mtu akauliza kwa sauti, "Mwalimu, leo umekuja na tikiti maji?" Watu wakacheka. Gladness alitabasamu kidogo, akainama kufunga kamba ya kiatu iliyokuwa imefungwa tayari.

Rebeka aliliona tabasamu lile. Mtupo wake uliofuata aliuharibu makusudi kidogo, akidhani atapunguza uzito kifuani. Pini zote zikaanguka vilevile. Hata alipotaka kukosea, mafuta yalimbeba.

Mchezo wa kwanza ulipoisha, Obedi alitangaza mapumziko mafupi kabla ya wa pili na wa tatu. Rebeka alimshika mumewe mkono, akaenda naye nyuma ya jengo penye bomba la maji. Mzee alikuwa pale akisuuza dekio. Rebeka alimwamkia, "Shikamoo baba," mzee akaitikia bila kugeuka. Kisha Rebeka akamtazama Alexander, ingawa swali halikuwa lake.

"Baba Selina, mafuta ya leo yamekuwaje?"

Alexander alifungua mdomo, lakini baba yake akamtangulia. Naye alisema na mwanawe, macho yakiwa kwenye dekio.

"Mwambie mwenzio, aliyelia ukavu amesikika. Nimepaka mara mbili, nikayafikisha karibu na pini. Nyumba hii haijawahi kumnyima kitu akikiomba kwa adabu."

Rebeka aliikumbuka jioni ile ya vyombo. Alikuwa ameomba. Hakukusudia, lakini kwa desturi ya nyumba ile alikuwa ameomba kwa njia inayotakiwa, akiwa na heshima zote, na mzee alikuwa amemtimizia kama alivyoziba paa la jiko. Kwake yeye, mtu wa meli, mafuta hayajawahi kuwa dhambi. Chombo kikilia, unakipaka.

Alexander aliona uso wa mkewe, akaelewa anachotaka kufanya. Alimsogeza pembeni. Alimkumbusha kwamba baba yake hana kingine cha kumtoa nyumbani asubuhi, kwamba kazi hii ndiyo inayomfanya avae shati safi. Alimwambia njia ni zilezile kwa wachezaji wote wawili, hakuna aliyefungwa mikono. Mwisho akashusha sauti.

"Utamwanika baba yangu mbele ya mji mzima, Mama Selina? Kwa ajili ya pini?"

"Mwalimu anakanda bega lisilo na kosa," Rebeka alisema. "Nami namtazama."

Alirudi ndani. Kutoka mlangoni mpaka kwenye meza ya Obedi ni hatua chache, lakini alizitembea kama mtu anayevuka mto asiojua kina chake. Nataka ieleweke kwamba hakuwa jasiri. Alikuwa anaogopa, na alitamani Dar es Salaam hata wakati ule. Wema ambao haumgharimu mtu kitu ni tabia njema tu. Huu ulimgharimu, naye aliijua gharama kabla ya kufungua kinywa.

Alisema akiwa amesimama, kwa sauti ambayo Gladness pia angeisikia. "Njia hizi hazikupakwa tulivyokubaliana. Mafuta ni mengi na yamekwenda mbali. Nililijua hilo kwenye mtupo wa kujaribu, nikanyamaza mchezo mzima. Mwalimu, bega lako ni zima."

Obedi alivaa miwani, akaenda kupitisha kidole kwenye mbao, mbali, karibu na pini, kisha akarudi na kidole kinachong'aa. Alikuwa mtu wa haki lakini si mpole. Alimtaka Rebeka aseme ni nani aliyezipaka.

Kila mtu mle ndani alijua ni nani anayevuta mashine ile. Hata hivyo kanuni zilidai jina litamkwe, na jina lile lilikuwa ndilo pekee ambalo Rebeka hakuwahi kulitamka tangu aolewe. Alisimama na mikono kando. Obedi alirudia swali, safari hii kwa ukali, akiongeza kwamba anayeficha mkosaji ni mkosaji. Mwalimu mmoja akasema, "Amekwama huyo." Alexander akageukia ukuta.

"Ni mimi, Nkwabi."

Mzee alikuwa amesimama nyuma ya viti, kofia mkononi. Alikuja mpaka mezani. Alisema mkamwana wake hakumtuma. Alisikia neno la nyumbani akalifanyia kazi, na kama kuna aibu, apewe yeye mwenyewe. Kisha akatoa ufunguo wa chumba cha mashine mfukoni na kuuweka mbele ya Obedi kabla hajaombwa.

Mchezo wa kwanza ulifutwa. Obedi alizisafisha njia zote mbili na kuzipaka upya kwa mkono wake, mafuta mepesi yaliyoishia katikati, na watu walingoja bila utani. Gladness hakumshukuru Rebeka wala kumlaumu. Alikaa akilizungusha bega lake polepole, kama anayejaribu nguo iliyorudishwa kutoka kwa fundi.

Walipoanza tena, tufe jekundu lilikuwa limerudi kwenye ukaidi wake. Liliuma mbao mapema na kuvuka upande wa pili kabla ya kufika. Rebeka alisogea kushoto, akalitupa kwa kasi zaidi, akilielekeza mbali kulia ili lipate nafasi ya kupinda. Lilitii mara moja, likakaidi mara mbili. Akasogea tena. Tufe la buluu sasa lilikuwa linageuka kwa utulivu, pini zikianguka moja ikiisukuma nyingine. Walikwenda hivyo, mmoja akishinda mchezo huu na mwingine ule, mpaka mtupo wa mwisho kabisa, ambapo Rebeka alihitaji pini zote kumi.

Aliliachia vizuri. Yeye mwenyewe alijua limetoka vizuri. Lilikwenda pembeni kabisa ya njia, likaanza kupinda, likapinda mapema kwa upana wa kiganja tu. Pini zikaanguka. Moja, ya kona, ilitikisika, ikazunguka mahali pake, ikatulia ikiwa imesimama.

Gladness alimpa mkono. Aliushika kwa muda, akasema, "Dada, hiyo ya kona ilikuwa yako."

"Imesimama, mwalimu," Rebeka alijibu. "Nenda Dar."

Walirudi Pasiansi kwa miguu, jua likiwa bado juu ya ziwa. Mzee alitangulia mbele, Alexander akifuata na begi la tufe bila kumsemesha mkewe, Rebeka nyuma yao. Kwenye kona ya duka la dawa, mwenye duka alitoka mpaka kibarazani akauliza habari za huko, kama mama amewanyoosha walimu. Alexander alitazama viatu vyake.

Mzee Nkwabi alisimama katikati ya barabara na kuvua kofia.

"Tumeshindwa," alisema. "Mimi nilitaka kuiba ushindi nimpe, yeye akakataa."

Akaivaa kofia, akaendelea kutembea.