Gulnaz na lugha tunayoionea haya

Saa moja na nusu asubuhi, mvua ya Bradford, Uingereza, inanyunya, na Gulnaz Kausar, 49, anapiga deki ukumbi wa zahanati moja mtaani kwetu. Nje ya mlango wameshajipanga kina mama watano, shali kichwani. Anawaamkia wote kwa majina.

Kazi hii ameifanya miaka kumi na moja. Alhamisi ana mtihani wa kuzungumza Kiingereza. Akifaulu, ataweka dekio chini awe mkalimani wa zahanati. Ameshafeli mara mbili.

Yote yalianzia kwenye kosa letu sisi tuliotoka Mirpur, kule Pakistan, tunalolifanya tangu baba zetu waje kufanya kazi kwenye viwanda vya sufu. Nyumbani tunaongea Kipahari. Tunagombana kwa Kipahari, tunabembeleza watoto kwa Kipahari. Lakini mwenye kalamu akituuliza lugha yetu, tunamjibu Kiurdu, lugha ya shule na ya kupokelea wageni. Basi zahanati ikasoma fomu zetu, ikatutafutia mkalimani wa Kiurdu kwa simu.

Majira ya baridi yaliyopita, Gulnaz akiwa anafuta sakafu ya korido, alimsikia Bi Tazeem, 74, akimwitikia mkalimani huyo kila swali: ndiyo, ndiyo. Anamfahamu bibi huyu. Hana Kiurdu cha kununulia hata kitunguu. Bibi alipotoka, Gulnaz akamuuliza kama ameelewa.

"Hata neno moja, mwanangu," Bi Tazeem akajibu. "Lakini yule kijana wa kwenye simu ana adabu kweli. Ningemkatalia vipi?"

Kumbe vidonge vya presha alivyokubali kwamba anavimeza kila siku, alikuwa akivimeza siku ya kizunguzungu tu. Gulnaz akamrudisha kwa daktari, akatafsiri mwenyewe, dekio mkononi. Tangu siku hiyo daktari hataki mkalimani mwingine, ila utaratibu unadai cheti.

Kiingereza anacho, tena cha kutosha. Kinachomponza ni haya. Binti yake, Iqra, hamwachi apumue.

"Mama, dereva wa basi akikupita kituoni unamsema kwa Kiingereza mpaka anaomba radhi. Kwa mtahini unageuka bubu."

"Yule dereva hanipi maksi," Gulnaz anajitetea.

Leo, baada ya deki, anajaza fomu ya mtihani. Anayasoma maswali kwa sauti, kwa Kipahari: Lugha ya nyumbani? Kiingereza chako kikoje? Miaka yote amekuwa akijibu Kiurdu, na kidogo, maana kujisifu ni aibu. Bi Tazeem, anayesubiri zamu yake, anachungulia begani.

"Andika Kiurdu. Watakuheshimu."

"Mama, Kiurdu nusura kikuue."

Bibi anacheka mpaka anashika kiti. "Basi andika chetu. Na Kiingereza, andika unakijua. Mimi shahidi."

Gulnaz anaandika Kipahari. Chini yake anaandika: vizuri. Anasema safari hii atamwona mtahini kama dereva wa basi.

Bi Tazeem, ambaye hajui kusoma, anaomba aonyeshwe Kipahari kimeandikwa wapi. Anaonyeshwa. Anakiwekea kidole, na muuguzi anamwita mara mbili kabla hajakiondoa.