Soda ya Adhuhuri

Nilitaka uwakala wa soda hapa Ngamiani. Katika mpango wa biashara niliowapelekea watu wa kampuni nilijisifu kurasa tatu, na mwishoni nikaongeza: "Mimi sisahau jambo lolote."

Juzi adhuhuri, Ramadhani hii, Mzungu wao akaja dukani na karatasi zangu mkononi. Baba mkwe, mdhamini wangu, alikuwa barazani na tasbihi yake. Mgeni akafungua chupa, akanipa.

"Nisifie kama utakavyowasifia wateja."

Nikapiga mafunda matatu, nikacheua, nikaanza kusifu utamu wake. Baba mkwe akaacha kuvuta tasbihi, akanitazama.

"Nimesahau, baba! Wallahi nimesahau!"

Mkwe akaziomba karatasi, akasoma taratibu hadi mwisho.

"Sasa tushike lipi, mwanangu? Unalosema au uliloandika?"