Bi Baki na Tarakimu ya Saba

Jina la Bi Baki alibandikwa na makarani wenzake wa masjala ya hospitali, na wala hakulichukia. Alikuwa na mazoea ya kugawanya kila namba iliyopita mbele ya macho yake: za magari, za milango, za vikaratasi vya foleni. Gari likisimama getini, midomo yake inacheza kidogo, kisha anajisemea, "Kwa saba, baki mbili." Wenzake wanacheka mpaka wanashika mbavu.

Alikuwa mtoto wa fundi cherehani. Baba yake alimfundisha nusu, robo na thumni kwa futi kamba kabla hajaanza shule. "Kitambaa hakisamehe, mwanangu," mzee alikuwa akimwambia, na binti akakua akilichukia neno la kukadiria, "kama hivi". Shuleni aliongoza hesabu miaka minne mfululizo. Ulipofika wakati wa kuchagua watakaoendelea na hesabu za juu, mwalimu mkuu alimpeleka darasa la kupiga chapa. "Msichana na hesabu za juu, wapi na wapi?" Kauli ile ilimkwama kooni kama mwiba wa samaki. Miaka thelathini baadaye alikuwa bado anaisimulia kana kwamba imesemwa asubuhi ileile.

Kupiga chapa kulimpeleka hospitali, na hospitali ikamkutanisha na kompyuta. Hakuna aliyemfundisha. Ofisi ya jirani ilipotupa mashine zake za zamani, aliomba mbili, akazipasua juu ya meza ya chakula, akatoa viungo vya moja kuiponya nyingine. Mume wake, dereva wa gari la wagonjwa, alikula wiki nzima akiwa amepakata sahani.

"Mke wangu, hii maiti tunaizika lini?"

"Haijafa, baba watoto. Ni feni tu."

Ikawaka kweli, ikinguruma kama mashine ya kusaga. Programu ya kwanza aliyoiandika ilikuwa ya kusaka zile namba zisizogawanyika ila kwa moja na kwa zenyewe. Vitabu vinaziita namba tasa, na jina hilo lilimuudhi kupita kiasi. "Tasa nani kasema? Namba nyingine zote zimetoka kwao! Aliyewapa jina hili hakuwauliza." Alipenda penseli iliyochongwa ikachoma, daftari la miraba, na chai ya rangi isiyo na sukari. Jumapili wenzake walipotembeleana, yeye alikaa na fumbo la namba la gazetini, na akigundua kwamba mtunzi amekosea, anamwandikia barua. Amewahi kuandika barua kumi na tisa. Alijibiwa moja.

Sasa, pale masjala kila mgonjwa alikuwa na namba ya tarakimu sita. Mgonjwa anaitaja dirishani, karani anaichapa, faili linaletwa. Bi Baki aliona mafaili yanavyokosewa, akaanza kuandika kila kosa kwenye daftari lake. Kwa mwezi mmoja alipata makosa sitini na mawili, na zaidi ya nusu yalikuwa ya aina moja: tarakimu mbili jirani zimebadilishana nafasi. Sabini na nne imekuwa arobaini na saba. Binadamu ndivyo tulivyo, ulimi unateleza na kidole kinateleza.

Dawa yake ilikuwa tarakimu ya saba, aliyoiita mlinzi. Tarakimu ya kwanza unaizidisha kwa saba, ya pili kwa sita, hivyohivyo mpaka ya sita unaizidisha kwa mbili. Unajumlisha, unagawanya kwa kumi na moja, na baki ndiyo mlinzi. Mwenye 304718 anapata themanini na nane, baki sifuri, basi mlinzi wake ni sifuri. Ukikosea ukachapa 307418, unapata tisini na moja, baki tatu. Sifuri na tatu hazipatani, kompyuta inakataa, nawe unamuuliza mgonjwa tena. Aliyepata baki kumi, ambayo si tarakimu moja, alipewa namba mpya, mambo yakaisha. Mkuu wa masjala wa wakati huo, mama mtulivu aliyekuwa karibu kustaafu, alimruhusu kuiweka. Kwa miezi minane hakuna faili hata moja lililoangukia mikono isiyo yake.

Kisha yule mama akastaafu, na mitambo yote ikawekwa chini ya mkuu mpya, mwanamume wa tai na viatu vya kung'aa. Wiki yake ya tatu, bwana mmoja mwenye cheo alifika dirishani, akataja namba yake vibaya, kompyuta ikaikataa. Aliombwa atazame kadi yake. Badala ya kutazama kadi, alipanda juu kulalamika.

Mkuu alishuka amevimba. "Nani kaweka hiki kitu kinachofukuza wagonjwa?"

"Hakifukuzi mtu, mkuu. Kinauliza tu. Yule bwana alikosea namba."

"Wewe ni karani. Kazi yako ni kuchapa, siyo kubuni."

"Naomba nikuoneshe daftari. Nimeandika kila kosa—"

"Sina haja na daftari lako."

Mlinzi akazimwa mchana uleule; tarakimu ya saba ikabaki kwenye kadi, ila kompyuta haikuikagua tena. Bi Baki alirudi nyumbani. Hakugusa chakula. "Angesema hesabu ina kosa, ningenyamaza," alimwambia mumewe. "Hakuitazama! Ameikataa kwa sababu ya mkono ulioiandika!"

Mumewe, anayejua kwamba utani una wakati wake, alikifunika chakula chake kwa sahani.

Kumzima mlinzi kwenye kompyuta mkuu aliweza, lakini kichwa cha Bi Baki hakina swichi. Aliendelea kupiga hesabu ya kila namba iliyochapwa karibu naye. Siku ya kumi na moja, asubuhi yenye foleni ndefu, alilipitia daftari la dirisha la pili, ambalo karani wake alikuwa ametoka kunywa maji. Namba moja haikupatana na tarakimu yake ya saba. Akahesabu tena. Haikupatana. Faili lilikuwa limeshapelekwa chumba cha sindano.

Aliinuka, kiti kikaanguka nyuma yake. Watu walimwona mwanamke mnene wa makamo akikimbia kwenye ukumbi na penseli mkononi.

"Dada, subiri!" alimwambia muuguzi aliyekuwa ameshavuta dawa. "Huyu mama anaitwa nani kwenye faili?"

Muuguzi akasoma. Mgonjwa aliyekuwa amekunja mkono wa gauni akashtuka. "Huyo si mimi. Na dawa hiyo mimi siwekewi kabisa, inanivimbisha koo. Imeandikwa kwenye faili langu!"

Muuguzi aliiweka sindano kwenye trei.

Bi Baki hakurudi dirishani. Alilibeba faili lile pamoja na daftari lake, akapanda ngazi moja kwa moja hadi kwa mganga mkuu, ambako mkuu wa mitambo alikuwa kikaoni. Aliweka vyote viwili mezani.

"Mama, tuko kikaoni," mkuu alisema.

"Na mimi nimetoka chumba cha sindano. Nimemkuta mgonjwa amebakiza dakika moja."

Alieleza yote akiwa amesimama. Mganga mkuu alichukua kalamu, akaipiga ile hesabu mwenyewe pembeni ya karatasi, akairudia. Kisha akamgeukia mkuu. "Hiki ulikizima kwa nini?"

"Palikuwa na malalamiko, daktari."

"Ya nani? Ya aliyekosea?"

Kabla ya saa nane mlinzi akawa amewashwa. Lakini kesho yake kwenye ubao wa matangazo palibandikwa karatasi: hospitali inakipongeza kitengo cha mitambo kwa kubuni njia mpya ya kulinda mafaili. Sahihi: mkuu wa mitambo. Bi Baki aliisoma mara mbili. Aliandika barua kwa mganga mkuu yenye ukurasa mmoja, akaambatisha nakala za daftari lenye tarehe. Akaitwa, akaombwa radhi kwa maneno matamu, akaambiwa tangazo litasahihishwa. Karatasi ile ilikaa ubaoni mpaka ikapauka na kudondoka yenyewe.

"Nilisamehe?" huwa anasema akiulizwa. "Sikusamehe. Kwa nini nisamehe jambo ambalo hakuna aliyelitengeneza?"

Alichofanya ni hiki: saa za mapumziko aliwakusanya makarani wote sita wa masjala, akawagawia penseli na karatasi za miraba, akawafundisha kuipiga hesabu ile kwa kichwa. Wawili walilalamika kwamba shuleni waliambiwa hawana akili ya hesabu. Hao ndio aliowakalia zaidi.

"Aliyewaambia hivyo," alisema, "alipiga hesabu gani?"