Sakafu Niliyoilinda Juani

Jamani, kosa ni langu. Nalisema mapema kabla sijaanza kujitetea, maana nikipewa nafasi ya kujitetea huwa naimaliza yote. Nilimwita mtu mwizi mbele ya watu, na mtu mwenyewe ni kaka wa mke wangu. Hakuiba kitu.

Jina langu silitaji. Hata hivi ninavyoandika nawaza nani atasoma, nani atanitambua, nani atakwenda kumwambia nani. Ndivyo nilivyo! Nikiona watu wawili wananong'ona, najua wananisema mimi.

Mimi ni mtu wa Maguu, huko milimani kwenye kahawa na baridi. Nilioa chini, ziwani, nikahamia huko huko, kijiji kimoja karibu na Mbamba Bay. Nina kiduka na pikapu. Napandisha usipa, wale dagaa wa ziwani, mpaka Mbinga, nashusha mahindi na maharage. Siku ninahama, baba yangu mdogo aliniita pembeni. "Kule chini ufumbue macho," akaniambia. "Wale watu ni wacheshi mno." Basi nikashuka nimeyafumbua, na tangu siku hiyo sikuyafumba tena.

Shemeji yangu ni fundi rangi. Mcheshi kweli kweli, anaimba akiwa kazini, anajisifu kabla hujamuuliza. "Shemeji, rangi nikipaka mimi, utazeeka wewe!" Watu wanampenda. Mimi nilikuwa nacheka naye huku namwangalia mikono.

Nilipojenga banda la kulaza pikapu nikataka sakafu nyekundu inayong'aa. Nikanunua ile rangi nzito ya sakafu, yenye kopo kubwa la rangi na kopo dogo la dawa ya kuigandisha. Unachanganya kiasi unachotaka kupaka muda huo, basi. Kazi nikampa shemeji, kwa sababu ningempa mwingine mke wangu angeninunia.

Shemeji akaja, akachuchumaa, akaigusa sakafu kwa kiganja. Ilikuwa kiangazi, na banda lilikuwa bado halijaezekwa. "Hii tutaipaka alfajiri, au jioni jua likishapoa," akasema. "Mchana hapa kwetu simenti inachemka, shemeji. Rangi inawahi kukauka juu, chini haijashika. Inakuwa kama utando wa uji, ukiugusa tu unatoka."

Mimi nilisikia nini? Nilisikia alfajiri na jioni. Alfajiri niko ufukweni nagombea usipa na wachuuzi wenzangu. Jioni niko dukani. Yaani amechagua saa ambazo mimi sipo! Nikajiambia, ahaa, huyu anataka kunipunguzia rangi. Mchana je? Mchana wateja wanakimbia jua, duka nafunga. Mchana nipo, naweza kumsimamia.

Na sababu ya kumwambia nilikuwa nayo. Kwetu Maguu asubuhi ukungu unalowesha kila kitu, jioni baridi inashuka, hivyo fundi anasubiri jua liwe utosini ndipo apake. Sakafu ya banda la baba la kumenyea kahawa ilipakwa mchana na mpaka leo ipo. Nikamwambia, "Rangi inapakwa juani, shemeji. Kwetu ndivyo."

Akacheka. "Kwenu mnaota moto mwaka mzima. Haya, banda ni lako."

Basi akapaka mchana. Mimi nimekaa kwenye kigoda na mwavuli wa mke wangu, yeye yuko juani anasukuma rola, jasho linamdondoka. Nilikuwa na kijiti nilichokikata alama kwa kisu. Kila akichota rangi nakichovya kwenye kopo kubwa, naangalia imeshuka kiasi gani. Alikiona kijiti. Ule wimbo wake ukaishia katikati.

Kazi ikiwa imebaki kona ya nyuma tu, nikapigiwa simu kwamba shangazi yangu amezidiwa huko Maguu. Nikapanda mlima na pikapu, roho yote iko kwenye kopo la rangi. Naona aibu kuandika hivi, maana shangazi alikuwa mahututi. Niliporudi kesho yake kona imeshapakwa. Mke wangu akaniambia kaka yake alingoja jioni, sakafu ikapoa, ndipo akaimalizia. Nilikwenda moja kwa moja kuchovya kijiti.

Rangi ilikauka, nikaezeka, nikaanza kulaza pikapu. Kwenye ile kona ya nyuma nikapanga magunia ya mahindi. Kwa muda kidogo nilikuwa mtu mwenye furaha.

Halafu siku moja nimeteremka kutoka Mbinga, matairi yana moto wa lami na wa breki za mlimani. Nikaliingiza gari, nikala, nikapumzika. Kuja kulitoa, rangi inatoka nalo! Imeng'ang'ania tairi, inanyanyuka kama chapati kwenye kikaango, na chini simenti iko kavu, nyeupe, kana kwamba haikuwahi kuiona rangi. Kila siku ikawa hivyo. Nikivuta kwa vidole inatoka kipande kizima.

Nilijua ni nani! Wala sikujiuliza mara mbili.

Nilimkuta ufukweni, akina mama wanaanika usipa kwenye vichanja, wazee wa kanisa lao wamesimama naye. Walikuwa wanakubaliana apake sakafu ya ukumbi wa kanisa, kazi kubwa kuliko zote alizowahi kupata. Nikafika nimeshika kile kipande cha rangi.

"Umeichakachua!" nikapiga kelele. "Umetia mafuta ya taa, nyingine umeuza!"

"Shemeji, nilikwambia jua."

"Jua! Jua ndilo limeniibia rangi?"

Mama mkwe wangu alikuwa pale pale, mikono imejaa usipa. Wazee wakatazamana. Kazi ya ukumbi alipewa mtu mwingine, na baada ya hapo hata aliyetaka kupakiwa rangi dirisha alikuwa anasema ngoja kwanza. Shemeji akafunga rola zake kwenye kiroba, akapanda Mbinga kutafuta kazi mahali ambapo hawamjui.

Nilidhani nimeshinda. Lakini mama mkwe nikimwamkia "Shikamoo mama," anaitikia "Marahaba" huku anatazama chungu. Mke wangu akikaanga samaki ananiita kwa sauti ya upole kabisa, "Baba, njoo usimamie, nisije nikakuibia mafuta." Hiyo ilikuwa kila siku, ndugu zangu. Kila siku!

Mahindi yalipopata mnunuzi nikayatoa yale magunia. Kona ya nyuma ikaonekana. Nyekundu, inang'aa, haina hata ufa. Nikaikwangua kwa kucha, ikakataa. Nikaleta bisibisi, nikakwangua mpaka mkono ukauma, ikatoka vumbi jekundu tu. Rangi ile ile, fundi yule yule. Sehemu pekee iliyoshika ni ile aliyoipaka mimi sipo.

Na bado sikuamini! Nikawaza, labda alirudi kisirisiri akaipaka upya. Au labda imepona kwa kuwa haikukanyagwa na tairi. Ndivyo akili yangu inavyofanya kazi, inamtafutia mtu kosa hata pale inapoona wema wake.

Nikachukua rangi iliyobaki, nikapaka mwenyewe vipande viwili kwenye simenti ya hapo nje, kimoja mchana sakafu ikiwaka, kingine jioni imepoa. Nikaviacha vikakauka vizuri. Kisha nikatoka safari, nikarudi na matairi ya moto, nikasimamisha gurudumu moja juu ya kila kipande. Cha mchana kilinyanyuka. Cha jioni kilibaki.

Nilikaa chini pale pale kwenye vumbi. Niliona aibu, jamani. Sikuibiwa hata tone. Rangi niliiharibu mimi na kigoda changu, kwa kumlazimisha mtu afanye kazi saa mbaya ili tu nimwone.

Nikapanda Mbinga, nikamtafuta mpaka nikamkuta kwenye nyumba inayojengwa. Nikamwomba radhi pembeni, nyuma ya rundo la tofali, sauti ya chini. Akanisikiliza mpaka mwisho. Nikamsihi aje aipake sakafu upya, akakubali kwa ajili ya dada yake.

Alikuja na mwenyekiti wa kitongoji! Nikadhani anataka kunishtaki. Kumbe amemleta awe shahidi. Hafungui kopo la mtu tena bila shahidi. Akakwangua rangi yote mbovu, akaisugua sakafu kwa msasa, akapaka alfajiri, mwenyekiti amekaa kwenye kigoda changu. Hakuimba. Hilo liliniuma kuliko tusi.

Alipomaliza akakifuta kile kijiti changu, akanipa. "Pima kwanza, shemeji, ndipo niondoke."

"Shemeji, yameisha hayo."

"Yameisha kwako," akasema. "Ulinitangaza mbele ya watu, ukaja kuniomba radhi nyuma ya tofali." Chai aliyopikiwa na dada yake hakuinywa.

Wenzangu, mimi nawaonya. Ukimpa fundi kazi mpe na nafasi yake ya kuifanya. Akikwambia jua hili litaiharibu, muulize kwa nini, usimuulize anaficha nini. Na kama moyo wako ni kama wangu, unaokagua kila mkono, kabla hujamtangaza mtu sogeza magunia yako kwanza uangalie kilicho chini. Mimi nilitangulia kupiga kelele. Rangi imekubali kupakwa upya, lakini fundi mwenyewe tangu siku ile hajakanyaga kwangu.

Leo mke wangu ameniuliza naandika nini. Nimefunika karatasi kwa kiganja haraka, kisha nikajiona nilivyo, nikampa. Amesoma yote, polepole, amesimama.

"Mbona jina lako hujaweka?" akauliza.

Jumapili watu wakitoka kanisani nitakwenda kusimama pale kwenye vichanja vya usipa niseme haya haya kwa sauti ile ile niliyomtukania. Pale jina langu kila mtu analijua.