Binti yangu, mazoezi ya yearbook na swali aliloulizwa Mama Riziki

Wakuu, salaam kutoka Hopkins, Minnesota. Hili nimelishuhudia kwa macho yangu, na chumvi nimeiacha jikoni kwa mke wangu.

Binti yangu Gladness yuko high school. Shuleni kwao kuna timu ya yearbook, yaani kitabu cha picha na habari za wanafunzi wote kwa mwaka mzima. Gladness anawania nafasi humo. Kabla ya summer break, likizo ya kiangazi, mwalimu aliwaambia wanaowania mkono usipoe: wapige picha, wahoji watu, waandike maelezo chini ya kila picha.

Sharti ni kwamba kila anayeonekana atajwe jina lake kamili, na aulizwe swali lisilojibika kwa ndiyo au hapana.

Bwana we, Gladness akaamua kufanyia mazoezi kwenye pikiniki ya kanisa letu la Waswahili.

Yeye anataka watu wakicheka, wakila, wakikimbiza watoto. Watu wetu wakiona kamera wanafuta midomo, wanajipanga mstari, mikono imenyooka, sura za passport. Mzee mmoja alikwenda hadi kwenye gari kufuata koti. Joto lile la Julai!

Halafu yakaja majina. Ananiuliza, "Dad, who's that?" Namjibu Mama Brian. "No, her real name." Na yule? Baba Happy. Mimi ndiye mhudumu wa mlangoni, nawapa mkono kila Jumapili, na jina la mtu silijui. Msinicheke, wengi wenu mko hivyo hivyo.

Tukafika kwa Mama Riziki, mama wa Kikongo, anageuza samaki kwenye jiko la mkaa. Gladness akamwomba jina.

"Andika Mama Riziki, inatosha."

Basi mtoto, kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, akasema, "Riziki yuko wapi? Nataka picha yenu wote wawili."

Wakuu, nilitamani ardhi ipasuke. Watu wazima wote pale tulijua kwamba Riziki hakufika Marekani. Zaidi ya hapo hatukujua kitu, maana kwetu mtu hachokonolewi kidonda. Tunaita jina, tunapita.

Mama Riziki akaweka koleo chini. Nikajua leo tunafukuzwa.

"Riziki alibakiaka mu njia, mutoto yangu," akasema. "Batu bote banaita ile jina. Hakuna hata moja mwenye aliniuliza alikuwa mutoto wa namna gani. Hata picha yake sina. Sasa sura yake inaanza kunipotea."

Mimi ningesema pole na kupendekeza tuombe. Gladness, huyu huyu anayenijibu Kiingereza hata nikimwuliza kama amekula, akakaa kwenye nyasi. "Niambie, Mama. Alikuwa anapenda nini?"

Mama wa watu akafunguka, akaanza na jina lake mwenyewe. Riziki alipenda kuimba kwa nguvu na sauti hana. Kuoga alikuwa hataki kabisa. Alikuwa anaficha viatu vya baba yake asubuhi ili asiende kazini. Mama akacheka huku anajifuta machozi kwa kitenge. Watu wakasogea, samaki wakaungua, na hakuna aliyejali.

"Alikuwa mrefu kiasi gani?"

Mama akanyoosha mkono pembeni yake, kiganja kimesimama, vidole juu, kama tunavyompima binadamu. Kulaza kiganja ni kupima mbuzi. Akaangalia pale mkono ulipo, akatabasamu. Hapo ndipo nikasikia kamera.

Nimemlea mtoto huyu, nikamtazama kama mgeni aliyetumwa kwetu.

Jumapili iliyofuata tukampelekea mama ukurasa wake, umechapwa. Picha moja kubwa: uso wake, mkono wake, na nafasi tupu chini ya mkono. Akaniomba nimsomee maandishi ya chini, miwani hakuwa nayo.

Nikasoma: "Kutoka kushoto: Faida Nabintu na binti yake, Riziki."

Akaniambia, "Soma tena."

Nikasoma tena.

Nilichojifunza ni kwamba mwenye kidonda wakati mwingine anasubiri tu aulizwe, na sisi tunaita kimya chetu heshima. Gladness bado hajajua kama shuleni watampa nafasi anayoitaka kwenye timu. Kwangu mimi ameshafuzu.

Karibuni mchangie, wenye kejeli pia. Ila kabla hujaandika, nijibu hili: huyo Mama Fulani unayemsalimia kila siku, jina lake nani?