Sanduku Lililoachia Langoni

Saa mbili asubuhi, mtaa wa Baba Dogo umeshachangamka kwa kelele. Wachira Thuo, fundi wa masanduku ya bati ya wanafunzi wa bweni, anagonga ribiti ya mwisho, kijipini cha kushikilia bati, analipindua sanduku na kukagua kitako. Analipindua tena. Mteja anacheka.

"Wacha acheke," anasema fundi huyo wa miaka arobaini na mitatu. "Hajui nimetoka wapi."

Alianza kuvuta bangi akiwa kibarua, eti kelele za nyundo zisimchoshe. Akaoa, akapata watoto, na msokoto wa asubuhi ukawa kama chai. Watu hudhani bangi ni shida ya vijana wa vichochoroni. Katika uga huu wa mafundi tisa, wote baba za watu, watano hawashiki nyundo kabla ya kuvuta.

"Bila stimu job haiendi, buda," anasema fundi wa meza jirani, Perez, bila haya. "Lakini hakuna teja hapa, hakuna mraibu."

Wachira naye alisema hivyo hivyo, hadi Januari iliyopita, bintiye Tiffany alipoitwa kujiunga na shule ya bweni. Alimtengenezea sanduku kwa mikono yake, jekundu, lenye jina lake. Alikunja bati la kitako, akatoka kuvuta kidogo, na aliporudi akashika rangi. Ribiti akazisahau.

Langoni mwa shule, mbele ya wazazi na wasichana wenzake, kitako kikaachia. Sabuni, chupi, pedi, vyote chini. Tiffany hakulia. Alivifunga kwa leso ya mamake, Waringa, akaingia bila kumtazama baba.

"Afadhali angenitukana," Wachira anasema, macho chini.

Kuacha bangi tangu siku hiyo kumemtoa jasho. Usingizi ulimpaa, alifoka nyumbani, akarudia kuvuta mara mbili. Muuguzi wa zahanati ndiye aliyemweleza kuwa huo ni uraibu na una tiba. Sasa huenda kuzungumza naye kila Alhamisi. Majuto bado yanamla. Tiffany akija likizo humsalimu kwa adabu, basi. Vitu vyake hubeba kwa begi la kuazima.

Chini ya meza ya kazi kuna sanduku jipya, jekundu. Jumamosi Tiffany, aliye likizoni, alimletea chakula, akaliona. Alilipindua, akapitisha kidole kwenye kila ribiti, akalirudisha alipolitoa.

"Ribiti zote zipo," Wachira anasema. "Shule zikifunguliwa nitalipeleka mpaka steji ya matatu mwenyewe. Akilichukua, nitashukuru. Akilikataa, nitambebea begi."