Kisahani cha Seremala

Maabarani walimwita Yaya, na jina likamkaa. Kazi yake ilikuwa kulea seli: kuzibadilishia chakula cha majimaji kwa mrija mwembamba, kuzirudisha kwenye kabati la joto, na kuzinong'oneza wakubwa wasipokuwepo. "Kueni, wanangu, msinitie aibu."

Masihara yalipungua mume wake, seremala, alipoanza kubanwa na kifua kwa vumbi la mbao. Madaktari walimpitishia bomba hadi kwenye njia ya hewa, wakakwangua seli shina chache ili zioteshwe maabarani. Seli shina ni mtoto ambaye hajachagua kazi, husikiliza majirani. Wakimpigia kelele sana, huishia kutengeneza ute. Wakinyamaza, huota vinyweleo na kuwa mfagiaji, wa kusukuma uchafu utoke kifuani. Kama seli za seremala zingeota vinyweleo, angejaribiwa kwa dawa mpya ya kunyamazisha kelele hizo. Zisipoota, ndiyo basi tena.

Visahani vya kuoteshea seli vina namba tu, havina majina. Lakini siku ile kilikuja kimoja peke yake, na Yaya si mjinga, alijua ni cha nani.

Hufika siku ambapo chakula cha juu huondolewa chote, seli zikabaki zinapigwa na hewa na kula kutoka chini. Bila hewa hiyo, mfagiaji hazaliwi. Yaya alilifanya hilo miaka nenda miaka rudi bila kusita. Zamu ya kisahani kile ilipofika, alikiona kimekauka mno, akamkumbuka mume wake alivyoamka asubuhi midomo imepauka, anaitafuta pumzi. Akakidondoshea chakula juu, kidogo tu. Kesho yake akaongeza. Kwa mara ya kwanza alikuwa analea kwa moyo badala ya akili, na huruma ikamponza.

Wiki kadhaa baadaye mkuu wa maabara aliinua macho kutoka kwenye hadubini. "Ute mtupu. Hakuna mfagiaji hata mmoja. Mgonjwa huyu dawa haitamfaa."

Yaya angeweza kunyamaza na kazi yake ikabaki.

"Daktari, seli zake hazina kosa. Mimi nilizifunika kwa chakula."

"Wewe, Yaya?"

"Nilizionea huruma. Ni za mume wangu."

Mkuu alivua miwani, akaketi. Hakumfokea. Alisema tu kwamba seremala itabidi akwanguliwe upya, kama kifua chake kitahimili, na kwamba Yaya hataingia tena kwenye chumba cha seli.

Nyumbani alimkuta mume wake kitini, randa mapajani, anaisugua kutu ingawa hakuwa na ubao wa kuranda. Mara ya kwanza alipokwanguliwa alirudi anatema damu, akaapa kuwa bomba lile halitampita koo tena. Yaya akamweleza yote, hakuficha neno.

"Kwa hiyo ulinizamisha," alisema seremala.

"Nilidhani nakunywesha, baba watoto."

Seremala akaiweka randa sakafuni.

"Nitarudi kwenye hilo bomba lao. Lakini safari hii, mke wangu, nakuomba usinionee huruma."

Kikohozi kikamshika, akajikunja. Yaya akakimbilia mtungi, akachota maji, kisha akasimama katikati ya chumba, kikombe mkononi, asijue kama ampe.